Mbwa wa Kona ya Bahasha

Mbwa wa Kisovyeti, Laika, alirushwa angani Novemba 3, 1957, na kabla mwaka haujaisha Romania ilikuwa imeshatoa stempu yenye kichwa chake na maneno yanayomwita msafiri wa kwanza wa anga. Msafiri! Chombo chake, Sputnik 2, hakikuundwa kurudi, na waliomfunga mle ndani walilijua hilo. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba aliishi siku kadhaa; mwaka 2002 ndipo mwanasayansi wa Urusi alipoeleza kuwa joto lilimmaliza saa chache tu baada ya kuruka. Iweke stempu hiyo kando ya ile ya Kisovyeti ya 1960 yenye Belka na Strelka, mbwa waliozunguka dunia wakarudi wazima. Wote wanatazama kishujaa. Aliyekufa na waliopona huwatofautishi. Ndiyo maana nasema mkusanyaji wa stempu za aina hii hakusanyi picha za wanyama wala roketi. Anakusanya ushahidi wa namna serikali zilivyotaka mambo yakumbukwe, na kuusoma ushahidi huo ni ufundi.

Wapo watakaosema ushahidi wenyewe ni wa kununuliwa. Hawajakosea. Miaka ya 1960 Sharjah na Ajman, falme ndogo za Ghuba, zilitoa stempu za wanyama na vyombo vya anga nyingi kupita barua za wakazi wake. Soko lilikuwa wakusanyaji wa ng'ambo. Lakini hata hilo husomeka kwenye karatasi: muhuri safi mno, umegusa pembe tu, na nyuma gundi bado ipo nzima, haijaonja ulimi wala maji. Picha ya kwenye simu itakuonyesha uso wa stempu, basi. Mkusanyaji huigeuza kwa kibano, akahesabu meno ya kingo zake, akaimulika.

Kubandua nako kuna adabu zake. Wengi hukata kona ya bahasha, wakailoweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka stempu ijiachie yenyewe. Kwa stempu ya Laika iliyosafiri kweli, mimi naona kuloweka ni hasara. Iachwe palepale, na muhuri wake, na anwani iliyoandikwa kwa mkono wa mtu aliyemlamba mbwa huyo mgongoni na kumbandika juu ya salamu zake, bila kujua alivyokufa.