Kinubi na Sauti za Wasichana wa Kapkatet

Wapenzi wa jazi aghalabu huwataja Bill Evans, Scott LaFaro na Paul Motian, waliorekodiwa watatu tu, kwa piano, besi na ngoma, katika klabu ya Village Vanguard mjini New York tarehe 25 Juni 1961, kuwa ndio kipimo cha muziki wa upole. Nami siwapingi, ila nadai kwamba sisi wa Nakuru tunacho jirani kielelezo kilichowatangulia, nacho kilipatikana Kapkatet, ukishavuka Mau Summit, ukateremkia Kericho hata ukaipita Litein.

Huko ndiko Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1950, alikowarekodi Wakipsigis wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, Mmarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Katika rekodi tatu za anwani hiyo, ya tatu, ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenziwe, haitimizi dakika mbili, na ndiyo bora.

Kinubi, ambacho wenyewe hukiita chepkong, chakariri kifungu kimoja kifupi pasipo pambo lolote, na juu yake sauti za wasichana, nyembamba, zenye kusikika pumzi, zapanda na kushuka kwa raha zao. Kwa Evans, besi hujibizana na piano, wote wakitembea. Hapa mmoja amesimama imara ili wengine wapate kutangulia au kuchelewa bila ya kuuvunja mwendo.

Fauka ya hayo, Tracey alizoea kuishika maikrofoni kwa mkono wake na kuwakaribia waimbaji, badala ya kuisimamisha mbali ikusanye kila kishindo; na kwa kuwa sauti zote zilipita katika mkondo mmoja, wala hapakuwa na nafasi ya kuzipima upya baadaye, mizani baina ya uzi na koo ilibidi ipatikane papo hapo, kwa hatua ya mguu na urefu wa mkono. Ndiyo maana twausikia uzi ukichunwa dhahiri, ilhali haumfuniki mwimbaji hata mmoja.

Zaidi ya miaka 60 baadaye rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet. Enyi vijana wa studio za Nakuru, zisikilizeni kwa makini, na kabla ya kuongeza ala ya nne, jaribuni kwanza kuisogeza maikrofoni.