Juu ya Msemo "Mguso wa Kimwili"

Waandishi wa mambo ya afya wameshika msemo "mguso wa kimwili" ili kueleza faraja aipatayo mtu moyoni kwa kushikwa na mwenziwe. Nia yao ni njema, na jambo lenyewe ni kweli. Msemo ndio wenye kasoro.

Neno "kimwili" limekwisha kuelemea upande mmoja. Mzee wa Tukuyu au wa Kalenga akiambiwa kwamba mguso wa kimwili huondoa huzuni, hatafikiri mkono wa rafiki. Atafikiri kitanda, naye ataziba masikio.

Kubwa zaidi, msemo huu hautaji nani amgusa nani. Kiswahili hakikuwa na uzembe huo. Mama humpakata mtoto na kumbembeleza, mkunga humkanda mzazi, ndugu hukumbatiana, mfiwa hupewa mkono wa tanzia, na katika sikukuu watu hupeana mkono wa Idi. Katika hiyo miwili ya mwisho mkono umekuwa jina la faraja na la furaha yenyewe. Hata "gusa" katika kauli ya kutendwa huingia moyoni: husemwa mtu ameguswa na msiba, ilhali hakuna aliyemtia kidole.

Nyanda za Juu Kusini zatoa ushahidi. Monica Wilson, aliyekaa kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika *Good Company* (1951) thamani ya "ukwangala", yaani kufurahia kukaa na wenzi. Watu hao hao, waliopenda ukaribu kiasi hicho, waliweka mwiko mzito baina ya mke wa mwana na baba mkwe: asimtazame, asimtaje jina, ampishe njia. Mkono wa mkwe usingemliwaza mwanamke huyo, ungemtisha. Iringa nako, katika salamu ya "kamwene", aghalabu mdogo humpa mkubwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika ule wa kulia: mkono huo huo waleta ukaribu na kupima umbali.

Sayansi imefika hapo hapo. Mwaka 2006 James Coan na wenziwe, huko Marekani, walichapisha uchunguzi wa wanawake 16 walioolewa, waliotishwa kwa umeme. Hofu ilitulia katika ubongo zaidi waliposhikwa mkono na waume zao kuliko waliposhikwa na mgeni, na zaidi tena kwa wenye ndoa njema.

Istilahi nyingine ya kutazamwa ni "huduma ya kangaruu", kwa watoto wachanga wenye uzito mdogo. Faida yake haina shaka: katika uchunguzi wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2021, kati ya watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100, na kati ya waliosubirishwa hadi hali itulie, karibu 16. Lakini kwa nini mama wa Mufindi afundishwe upendo wake kwa jina la mnyama wa Australia? Nashauri "kupakata kifuani". Wapo watakaosema kwamba kupakata ni kwa mapajani. Ni kweli, ndiyo sababu nimeongeza "kifuani". Katika baridi ya Julai kule Makete, muuguzi akimwambia mzazi, "Mpakate kifuani, mama," sidhani kama ataulizwa maana yake.