Fundi wa Vigezo

Lotus 1-2-3 ilipoingia sokoni Januari 1983, jina lake lilitaja kazi zake tatu: hesabu, grafu na hifadhidata. Hesabu za lahajedwali zilishazoeleka tangu VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston mwaka 1979. Grafu ziliwapendeza wakubwa mikutanoni. Kazi ya tatu ndiyo iliyopita bila kelele, na mpaka leo imo ndani ya Excel na LibreOffice Calc, kwenye kundi la fomula zinazoanza na herufi D: DSUM, DCOUNT, DAVERAGE, DMAX, DGET na wenzao. Kwenye Excel ziko 12. Wapo watu wanaoshinda na lahajedwali kutwa nzima na hawajawahi kuigusa hata moja.

Anayezijua utamtambua kabla hajaandika fomula yoyote. Kwanza anaacha mistari kadhaa mitupu juu ya jedwali lake. Chukua daftari la SACCOS ndogo yenye matawi mawili matatu Dar es Salaam. Vichwa viko mstari wa 6: Tarehe, Mwanachama, Tawi, Aina, Kiasi. Miamala inaanzia mstari wa 7 na kushuka hadi wa 406. Juu kabisa, mstari wa 1, fundi anarudia vichwa vilevile vitano. Mistari ya 2 na 3 ni ya masharti, na chini yake anaacha nafasi. Hayo masharti hawezi kuyaweka chini ya jedwali, maana miamala mipya itakuja kuyagonga. Ubavuni nako hakufai: siku mtu akichuja jedwali, mistari iliyofichwa itaondoka na masharti yake. Juu ndiko mahali pa usalama.

Sasa anataka jumla ya marejesho ya mikopo ya tawi la Mbagala. Chini ya Tawi, mstari wa 2, anaandika Mbagala. Chini ya Aina anaandika Marejesho. Kisha pembeni:

=DSUM(A6:E406,"Kiasi",A1:E2)

Fomula yenyewe ni fupi: tafuta humu, jumlisha hiki, kwa masharti haya. Hilo "Kiasi" lingeweza kuwa namba 5, yaani safu ya tano. (Lotus ilianza kuhesabu safu kwa sifuri, Excel inaanza na moja, waliohama kutoka huku kwenda kule walikuwa na kazi.) Fundi huchagua jina, kwa sababu mtu akiingiza safu mpya katikati, namba hubaki palepale wakati kiasi kimeshasogea.

Kinachonivutia ni lile eneo la masharti. Swali halikufichwa ndani ya fomula. Limeandikwa kwenye karatasi, na hata mjumbe wa kamati ambaye hajui fomula hata moja anaweza kulisoma: Mbagala, Marejesho. Sarufi yake ina kanuni mbili tu. Masharti yaliyo kwenye mstari mmoja yanaunganishwa na "na". Mistari tofauti inaunganishwa na "au".

Kanuni ni rahisi kuzikariri, lakini kuzitumia kunataka macho. Tuseme kamati inataka marejesho ya Mbagala na ya Temeke kwa pamoja. Mwenye haraka anaongeza Temeke mstari wa 3 chini ya Mbagala, anapanua eneo liwe A1:E3, anaridhika. Jumla inakuja kubwa mno. Mstari wa 3 unasema Temeke peke yake, hausemi Marejesho, kwa hiyo akiba na hisa zote za Temeke zimeingia. Kila mstari ni swali kamili linalojitegemea. Lazima Marejesho iandikwe mara mbili.

Halafu kuna mstari mtupu. Futa kila kitu kwenye mstari wa 3 lakini uache eneo likiwa A1:E3, na DSUM itakupa jumla ya daftari zima. Haijakosea. Mstari usio na sharti unampitisha kila mtu, na kwa kuwa mistari inaunganishwa na "au", akipita kwa mlango mmoja amepita. Ndiyo maana fundi hukaza mpaka wa eneo usizidi mstari wa mwisho wenye neno, na huurekebisha kila swali linapobadilika.

Uangalifu huohuo unaendelea kwenye maneno. Kwenye Excel, sharti la Mbagala hunasa pia Mbagala Kuu, kwa sababu maandishi husomwa kama mwanzo wa neno. Ukitaka Mbagala pekee, unaandika ="=Mbagala". Vichwa vya juu fundi havichapi upya, huviunganisha: A1 inakuwa =A6, ili nafasi moja isiyoonekana mwishoni mwa neno isije ikatenganisha vichwa viwili vinavyofanana. Akitaka miamala ya kati ya tarehe mbili, anaandika kichwa cha Tarehe mara mbili, kimoja cha mwanzo na kingine cha mwisho. Tarehe yenyewe anaiandika =">="&DATE(2024,3,1), maana 1/3/2024 kompyuta moja huisoma Machi mosi na nyingine Januari 3, kutegemea ilivyopangwa.

Ninayoipenda kuliko zote ni DGET. Hii hairuhusu majibu mengi. Ikimpata mtu mmoja anayetimiza masharti, inakupa taarifa yake. Isipompata, inajibu #VALUE!. Ikiwapata wawili, inajibu #NUM! na kugoma. Wengi huona huo ni usumbufu. Kwa mtunza orodha ya wanachama, fomula inayogoma kwa sababu namba moja ya uanachama imepewa watu wawili ina thamani kuliko VLOOKUP, ambayo ingemchukua wa kwanza na kunyamaza.

Tangu SUMIFS ilipokuja na Excel 2007, kazi nyingi za kila siku zimehamia huko, na ni haki. DSUM haivutwi chini kirahisi, kwa kuwa kila jibu linadai eneo lake la masharti. Ripoti ya miezi 12 kwa matawi matano ingekuwa mateso. Lakini kwa swali moja zito lenye "na" na "au" nyingi, linalobadilika kila kikao, sijaona kinachosomeka vizuri zaidi. Jedwali likigeuzwa kuwa Table na kupewa jina, tuseme Michango, mpaka wake hukua wenyewe, ilimradi uandike Michango[#All] ili vichwa viwemo.

Kwa hiyo ukirithi faili la ofisi na kukuta juu ya jedwali vichwa vimerudiwa, na chini yake maneno mawili matatu yametawanyika, usifute ukidhani ni uchafu. Simama kwenye seli yenye fomula, bonyeza F2, uangalie mipaka ya rangi inaangukia wapi.