Roho Juu: Mzigo Wangu wa Kwanza wa Jumia

Jamani, imefika! Presha kuka ya umeme, lita sita, nyeusi tititi, imetoka Nairobi ikaja mpaka Kilifi bila mimi kumbembeleza mtu, bila kumvizia kondakta wa basi stendi, bila kumtuma mpwa wa jirani Luthuli Avenue na picha kwenye simu. Mtu wa Nairobi akisoma haya atacheka. Acheke. Kwao kuletewa kitu mlangoni ni jambo la kila siku. Sisi wa huku Pwani tumezoea kumpa msafiri pesa, tukaomba dua, kisha tukapokea kitu kingine kabisa pamoja na maelezo marefu.

Na si kwamba duka lenyewe limezaliwa jana. Jumia ilianzia Lagos mwaka 2012, ikaingia Kenya mwaka uliofuata, na Aprili 2019 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la New York. Miaka yote hiyo nilikuwa naiona kwenye mabango na migongoni mwa pikipiki, ile rangi yake ya machungwa, nikipita zangu. Sababu ni ile ile ya wengi: mtandaoni pamejaa matapeli. Kenya nzima inaujua ule mzaha wa picha mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, nilichoagiza na nilicholetewa, gauni la harusi upande huu na chandarua upande ule.

Sasa nimeingia, na wa kunitoa simwoni.

Unaandika "presha kuka" kwenye programu yao na zinakumwagikia: Ramtons, Von, Sayona, na majina mengine ambayo sijawahi kuyasikia hata kwenye redio. Unazipanga kwa bei, unazipanga kwa nyota, unaondoa zisizokuhusu. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye maoni ya walionunua, na hapo ndipo nilipokaa usiku mzima kama niliyeshikiwa bunduki. Watu wa nchi hii wana kipaji! Mmoja amepiga picha ya githeri yake ndani ya sufuria. Mwingine anasema mpira wa mfuniko unanuka siku ya kwanza, uoshe na ndimu. Mwingine katoa nyota moja kwa sababu rangi haifanani na pazia zake. Ukishasoma maoni kumi ya watu ambao mfumo umethibitisha kwamba walinunua kweli, unajua zaidi kuliko atakavyokwambia muuzaji yeyote dukani, maana muuzaji wa dukani kila kitu kwake ni orijino.

Lakini si programu iliyonitia wazimu. Programu nzuri ziko nyingi. Kilichonimaliza mimi ni kile kituo cha kuchukulia mizigo!

Fikiria tatizo lenyewe. Kenya tuna sanduku la posta, hatuna nambari ya nyumba. Mimi kwangu naelekezaje? Ukivuka daraja, ingia barabara ya vumbi, pita msikiti, uliza kwa Mama Karembo, nyumba yenye geti la kijani ambalo sasa limeshika kutu. Mwendesha pikipiki akifika kwa Mama Karembo keshanipigia simu mara tano na mafuta yamemwishia. Wenye akili pale Jumia wameliruka tatizo zima: hawaitafuti nyumba yako hata kidogo. Wanamtafuta mwenye duka ambaye tayari yupo mjini, watu wote wanamjua, ana kaunta na rafu na kufuli, wanaingia naye ubia, mizigo inashushwa kwake. Wewe unachagua kituo kilicho karibu nawe, na nauli ya mzigo inashuka kuliko ya kuletewa nyumbani. Mwenye duka naye anapata wateja wanaoingia kufuata vifurushi na kutoka na soda. Mimi mwenyewe nilitoka na soda.

Hili la miji midogo si bahati. Tangu Francis Dufay ashike usukani wa kampuni mwishoni mwa mwaka 2022, Jumia imebana matumizi bila huruma. Huduma yao ya kuletea watu chakula, Jumia Food, ilifungwa mwisho wa 2023, na mwaka 2024 wakajiondoa Afrika Kusini na Tunisia. Nguvu walizobaki nazo wakazielekeza nje ya miji mikuu, na wenyewe wanasema zaidi ya nusu ya oda zao sasa zinatoka huko. Huko ndiko kwetu! Mtu wa jiji ana Naivas chini na Carrefour juu, ataagizia nini sufuria mtandaoni? Mwenye shida ya kweli ya chaguo ni mtu wa Kilifi, wa Voi, wa Kitale, ambaye mjini kwake kuna aina mbili za kitu na zote mbili bei moja.

Ujumbe ukaingia kabla juma halijaisha: mzigo wako uko tayari. Nikaruka kwenye bodaboda na kanga yangu ya ndani. Kituoni kuna kijana mmoja mtaratibu, daftari mbele yake, nyuma rafu ya maboksi na mifuko ya kila ukubwa, kila mmoja na karatasi yake ya jina.

"Karibu, dada. Nambari ya oda?"

Nikamwonyesha simu. Akapita na kidole kwenye rafu, akavuta boksi, akalinganisha karatasi na kilicho kwenye skrini yake. Nilikuwa nimechagua kulipa mzigo ukifika, nikalipa kwa M-Pesa pale pale, ujumbe ukalia kwake na kwangu karibu kwa pamoja. Chini kidogo ya shilingi 8,000 na nauli ndani yake. Basi.

"Naweza kufungulia hapa, kaka?"

"Fungua tu. Kila mtu hufungua hapa."

Akanipa wembe bila kuombwa. Tepu ikakatika, boksi la ndani likajitokeza, halijabonyea hata pembe moja. Nikatoa sufuria ya ndani, nikaigonga kwa ukucha, ikalia sauti nzito ya kitu kizito. Nikageuza plagi haraka, kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza mtu mwenye busara anachokiangalia kwenye kifaa kilichotoka mbali: pini tatu, za mstatili, za ukutani kwetu. Vali ya kutolea mvuke ipo. Mpira wa mfuniko upo, na wa akiba mmoja. Mama mmoja aliyekuja kuchukua viatu vya mtoto akaniuliza bei, kijana akamjibu kabla yangu, wote watatu tukasimama tunaitazama.

Nyumbani nikaipa mtihani wa Pwani: mbaazi. Mbaazi kavu kwenye jiko la makaa ni kazi ya asubuhi nzima, upulize, uongeze maji, ukimbie na harufu ya kuungua. Nikaziloweka usiku, asubuhi nikatia maji na chumvi, nikafunga mfuniko, nikabonyeza kitufe cha maharagwe. Ikanguruma kidogo, ikanyamaza, ikaanza kuhesabu yenyewe. Nilipofungua, ukiibonyeza mbaazi kwa ulimi inapasuka, lakini haijavurugika! Hapo ndipo nikatia tui, mfuniko ukiwa wazi, moto mdogo, kwa sababu tui halitaki presha, litakatika. Mahamri yalikuwa ya jirani. Tokeni za umeme nilizitazama kabla na baada: hata uniti moja haikuisha. Shangazi yangu, ambaye toka mwanzo alisema vitu vya mtandaoni ni vya kupigia picha, alikula sahani mbili na akanyamaza, na kwake kunyamaza ni nyota tano.

Yapo ya kuangalia, nisije nikaonekana nimelishwa kitu. Si Jumia wenyewe wanaouza vyote mle ndani; wauzaji ni wengi na kila mmoja na tabia yake, kwa hiyo tazama jina la muuzaji na alama zake kabla ya kutazama picha. Bidhaa iliyoandikwa Express tayari iko kwenye ghala lao nchini. Iliyoandikwa kwamba inasafirishwa kutoka nje itachukua wiki kadhaa, na mwenye haraka asiiguse. Bei iliyopigwa mstari mimi siipi uzito katika duka lolote la mtandaoni. Naangalia ile ya chini yake, kisha nauliza mjini. Nauli nayo isome kabla ya kubonyeza, maana kijiko cha mia mbili hakistahili kusafirishwa kwa mia mbili. Na masharti ya kurudisha hayafanani kwa kila bidhaa. Yasome ukiwa bado umetulia.

Wasomaji wa Tanzania najua mnanung'unika. Jumia ilifunga kwenu Novemba 2019, na tangu hapo mmejifunza kuagiza kwa njia nyingine. Ndugu zetu wa Uganda bado wanayo, waulizeni.

Mimi nasubiri Novemba. Black Friday yao hapa Kenya si Ijumaa moja, ni karibu mwezi mzima, na nimeshaanza kuandika bei za sasa kwenye daftari ili nijue punguzo la kweli ni lipi na la mdomo ni lipi. Shangazi ametaja feni ya kusimama, kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni. Nimeshaiweka kwenye kikapu. Nimemwambia pesa atoe yeye!