Majitaka ya Bia: Bakteria Mbele, Utando Nyuma

Kiwanda cha bia cha Lagunitas, Petaluma, California, kiliwahi kupakia majitaka yake makali kwenye malori na kuyapeleka Oakland, ng'ambo ya ghuba, yakasafishwe huko. Baadaye kikafungiwa mtambo wa kampuni ya Cambrian Innovation papo hapo kiwandani: bakteria wasiotumia hewa hutangulia, kisha bakteria wa hewa wakisaidiwa na utando wa kuchuja. Wageni hupenda kuonyeshwa utando. Mimi ningewapeleka kwanza kwenye tangi la kusawazisha.

Majitaka ya bia hayana sumu nyingi. Tatizo lake ni shibe. Sukari, hamira na mabaki ya bia yenyewe huyafanya yadai oksijeni miligramu 2,000 hadi 6,000 kwa lita, mara kadhaa zaidi ya maji ya vyoo. Tena hayaji kwa utulivu. Saa hii matangi yanaoshwa kwa kostiki soda na pH inapanda mpaka 12, saa ijayo ni zamu ya asidi, halafu mtu anafungulia hamira iliyobaki. Vijidudu vya methani katika hatua isiyotumia hewa vinataka pH ya karibu 7 na joto la nyuzi 35. Pigo moja la kostiki laweza kuvizorotesha kwa wiki kadhaa. Ndani ya tangi la kusawazisha, ambamo majitaka hukusanyika na kuchanganyika kwanza, asidi na kostiki huuana zenyewe, na dawa ya kurekebisha pH inayonunuliwa hupungua.

Katika mitambo mingi ya aina hii, vijidudu hivyo hujikusanya kuwa punje nyeusi zenye ukubwa wa uwele, nzito kiasi cha kubaki chini maji yanapopanda. Mbinu hiyo aliikuza Gatze Lettinga kule Wageningen, Uholanzi, miaka ya 1970. Kila kilo ya uchafu, ikipimwa kwa oksijeni inayodai, hutoa takriban mita za ujazo 0.35 za methani. Chukua kiwanda kinachotoa mita za ujazo 1,000 za majitaka kwa siku, zenye gramu 3 za uchafu huo kwa lita: ukiondoa asilimia 80, unapata mita za ujazo 840 za methani kwa siku za kulisha boila. Kuuondoa uchafu huohuo kwa kupuliza hewa kungekula umeme, na tope lingekuwa jingi zaidi.

Kinachosalia ndicho huachiwa bakteria wa hewa na utando wenye vitundu vya sehemu ndogo ya mikroni. Ukiutanguliza utando, machicha na hamira vitauziba upesi. Hata ukiwa nyuma hauachwi hivi hivi: mapovu huusugua mfululizo, na mara kwa mara huoshwa kwa klorini na asidi ya sitriki. Presha ya kunyonya ikipanda kila siku, fundi mzoefu hukagua kwanza kinachoingia kabla ya kuulaumu utando.

Maji yanayotoka ni maangavu, ila chumvi ya kostiki bado imo. Kwa kusafisha sakafu yanafaa. Kwa boila, kwa kawaida huchujwa chumvi kwanza kwa osmosisi kinyume, na hiyo nayo huacha maji ya chumvi kali yanayohitaji mahali pa kupelekwa. Bajeti nyingi husahau kipengele hicho.