Ratiba si Mpango wala Jedwali

Lugha inayotumika ofisini, mahakamani na hospitalini haina budi kuwa na maneno yenye mipaka. Neno moja likibebeshwa mzigo wa mengine, anayeumia si mtaalamu wa lugha bali ni mwananchi anayesoma tangazo. Hali hii yaonekana wazi katika matumizi ya neno ratiba na majirani zake wawili, mpango na jedwali.

Ratiba ni neno lenye asili ya Kiarabu, la ukoo mmoja na taratibu, utaratibu na kitenzi ratibu. Wazo lililomo katika ukoo huo ni kuyaweka mambo katika safu yake. Waarabu wa leo wasemapo ratib aghalabu hukusudia mshahara, na orodha ya nyakati huiita jadwal, neno ambalo pia lina maana ya kijito cha maji. Kiswahili kimekwenda njia yake, wala hakina sababu ya kurudi nyuma. Kwetu sisi ratiba ni mfuatano wa shughuli, kila moja na wakati wake. Jedwali ni safu na visanduku vilivyochorwa ili habari zisomeke kwa urahisi. Mpango ni azma ya kutenda jambo pamoja na njia za kulitimiza. Ndiyo maana Tanzania ilipoanza utekelezaji wa Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1964, haikuuita ratiba.

Tuchukue mfano wa chanjo za watoto. Nchini Tanzania mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha anapofikisha wiki 6, 10 na 14, na chanjo ya surua huipata katika miezi 9 na 18. Hiyo ndiyo ratiba. Kazi ya kuagiza chanjo, kuzihifadhi katika baridi na kuzifikisha vijijini ndiyo mpango. Visanduku vilivyomo katika kadi ya mtoto ndivyo jedwali. Katika zahanati moja tulikuta tangazo lisemalo kwamba mpango wa chanjo umesitishwa. Kumbe kilichokusudiwa ni kwamba siku ya kliniki imehamishwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi! Mama aliyelisoma kabla yetu alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni aende zake, akiamini kwamba huduma imekoma. Hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa alilichukua neno kwa maana yake.

Wapo wasemao kwamba muktadha hutosha kuondoa utata. Katika mazungumzo ya nyumbani twakubali. Katika sheria hatukubali. Waingereza hutumia neno moja kwa orodha ya saa za safari na kwa sehemu ya mwisho wa sheria. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 huiita sehemu hiyo Nyongeza, na Bungeni husikika Jedwali la Marekebisho. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, kazi ya kutafsiri imekuwa kubwa. Mfasiri atakayeandika Ratiba ya Kwanza mahali pa Nyongeza ya Kwanza atamfanya msomaji atafute tarehe na saa zisizokuwapo.

Lawama hii sisi waundaji wa istilahi hatuwezi kuikwepa. Mara nyingi orodha zetu hulipa neno la kigeni visawe vitatu, vikitenganishwa kwa mkato tu, bila ya kueleza kipi kitumike wapi. Orodha ya namna hiyo humwachia mfasiri kazi iliyotupasa sisi.

Kwa hiyo twaonelea kwamba kila kisawe kiandamane na uwanja wake na mfano mmoja wa sentensi. Pale ambapo hapana wakati uliotajwa, neno ratiba lisitumike. Na pale ambapo wakati umebadilika, mwananchi aambiwe kwamba ni ratiba iliyobadilika, apate kurudi Alhamisi.