Fumbo Lililogeuzwa: Umbeya wa Wanachuo Usio na Jina

Je, umbeya ambao wanachuo huandikiana katika intaneti bila ya kujitaja wastahili kuhesabiwa miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi? Yafaa upimwe kwanza na kijembe cha Waswahili, ambacho aghalabu hudhaniwa kuwa ndugu yake.

Kijembe kina kanuni. Asemaye huonekana, asemwaye hatajwi. Mwanamke aliyejifunga kanga yenye jina la kuchoma hupita mlangoni pa hasimu wake mchana kweupe. Katika ukumbi wa taarabu mtunzaji huinuka kwa maringo, noti mkononi, mwimbaji afikapo kwenye ubeti unaomkusudia mtu. Hadhira huachiwa kazi ya kufumbua, na aliyechomwa akijibu amekwisha kukiri kwamba kimempata. Fani yote imesimama juu ya pazia hilo: sitiari hutafutwa kwa kuwa jina la hasimu halitamkiki, na msemaji ajua kwamba kesho ataulizwa.

Wanachuo wa Marekani waliligeuza pazia. Tovuti ya JuicyCampus, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Matt Ivester, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Duke, ilimruhusu yeyote kuandika habari za mwenzake pasipo kujisajili. Msemaji akatoweka, na msengenywaji akaanikwa kwa jina lake kamili. Mhakiki ayasomaye maandishi ya namna hiyo huukuta ukavu wa lugha unaoshangaza kuliko hata matusi yenyewe. Taswira ni adimu. Lililopo ni jina na sifa chafu: nani malaya, nani ana sura mbaya. Asiyeogopa kujulikana hana haja ya kufumba.

Si kwamba kuficha jina ni aibu siku zote. Waandishi wa *Pambana*, karatasi iliyosambazwa kwa siri nchini Kenya mwaka 1982, walijificha kwa kuwa waliisema serikali yenye uwezo wa kuwafunga. Hapo mnyonge alimficha uso mwenye nguvu. Katika JuicyCampus aliyefichiwa uso alikuwa mwanafunzi mwenziwe, jirani wa bwenini.

Programu ya Yik Yak, iliyotolewa mwaka 2013 na wahitimu wawili wa Chuo Kikuu cha Furman, ina utajiri zaidi. Ujumbe uliwafikia waliokuwa karibu tu, nao waliupigia kura. Ukishuka hadi hasi tano, ulifutika. Hapana shaka hii ni hadhira ya kweli, na ndiyo sababu mizaha ya mitihani na ya chakula cha chuoni ilipata kunoga humo. Walakini kura hupima uchekeshaji, haipimi ukweli, na aliyesemwa ana kura moja tu. Mwaka 2016 wenye programu walipomlazimisha kila mtumiaji kuchukua lakabu, malalamiko yalikuwa makubwa hata sharti hilo likaondolewa mwaka uo huo. Lakabu tu! Mshairi wa Kiswahili huitia katika ubeti wa mwisho kwa fahari. Yik Yak ilifungwa mwaka 2017, ikafufuliwa mwaka 2021.

JuicyCampus yenyewe ilifungwa tarehe 5 Februari 2009, na sababu iliyotolewa na mwenyewe ni upungufu wa mapato ya matangazo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 humkinga mwenye tovuti asiwajibike kwa maneno ya wengine, na mwandishi asiye na jina si rahisi kumpata. Tofauti na kijembe, basi, ni tofauti ya majibizano. Malumbano huhitaji watu wawili. Binti aliyetajwa JuicyCampus aliweza kukanusha chini ya ujumbe, na ukanushaji wake ukawapa wengine la kuandika. Lakini hakuwa na mlango wa kupita mbele yake na kanga yake.